Mlango wa Kabati la Moshi

Benchi langu lina miguu minne, mmoja umefungwa waya, na kila asubuhi linabeba wanaume watatu wanaojua kila kitu. Mimi nauza kahawa hapa, kati ya kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma, na mengi nimeyasikia nikameza, maana mteja ni mteja. Kinyozi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Mchomeleaji ni Cheche. Wa tatu alikuwa mtunza maabara ya shule hadi alipostaafu, kwa hiyo ni Maabara, na ole wako umwite kitu kingine. Leo walikuwa wanapuliza vikombe vyao vya kwanza pale Bwana Moshi alipotokea amebeba mlango wa chuma mgongoni. Hakusalimu. Aliubwaga juu ya benchi, kahawa ya Redio ikamwagika, na ule mguu wenye waya ukalia.

Huyu Moshi ana kabati la chuma uani kwake, refu kama jokofu, la kuivishia nyama kwa moshi. Chini kuna kichomeo cha gesi, juu yake sahani ya vipande vya mti vinavyofuka, halafu bakuli la maji, halafu nyavu za kupangia nyama. Tangu alipate, kila mwenye mdomo hapa kijiweni amejifanya fundi wake. Jana mlango wake ukaruka. Aliyekuwa amesimama mbele yake hakuwa Moshi. Alikuwa mkewe, fundi cherehani wa barabara ya nyuma, anayeshonea nusu ya mtaa huu. Ameungua mkono, na kutoka hospitali amekwenda moja kwa moja kwa dada yake.

— Nataka jina, Moshi akasema. Nani kati yenu aliniambia nizibe matundu?

— Salamu kwanza, kaka, akasema Redio, anajifuta suruali.

— Salamu nitakupa na huu mlango kichwani!

— Mimi nilikwambia uzibe la juu tu, akasema Cheche. Moshi ulikuwa unapotea bure, nyama inatoka haina hata harufu. Nikakukatia bati, nikakuwekea. Hebu kaangalie, naapa halijatikisika.

— Mlango mzima umeng'oka, wewe unasifu bati!

— Bawaba si zangu. Hizo kabati lilitoka nazo kiwandani.

— Na ya chini? Nani alisema na ya chini nayo yazibwe?

Maabara akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akifuta miwani ujue hana jibu, anatafuta neno refu.

— Upepo ulikuwa unazima moto wako. Ulilalamika mwenyewe, umekaa hapo hapo. Nikashauri udongo wa mfinyanzi. Kisayansi nilikuwa sahihi.

— Kisayansi moto umekosa hewa ukafa, Mzee! Gesi ikaendelea kumwagika ndani, imefungiwa juu na chini! Na wewe Redio na kipande chako cha blanketi ulichogandisha mlangoni, hata upenyo wa sindano haukubaki!

— Blanketi lilikuwa safi, Redio akasema kwa uchungu. Wahenga walisema...

— Wahenga hawakuwa na mtungi wa gesi! Funga mdomo!

Nilidhani hapo wataona aibu. Wapi! Cheche aliinamia mlango, akagonga kwa kidole, akasikiliza.

— Mimi nasema tatizo ni gesi yenyewe. Siku hizi wanaichanganya na maji. Maji yakipata moto yanataka kutoka.

— Acha zako, akasema Redio. Tatizo ni vipande vya mti. Ule mti ulikuwa umepigwa radi, mimi naujua. Mti uliopigwa radi unabaki na umeme ndani.

— Ujinga, akasema Maabara. Kulikuwa na nini kwenye nyavu?

— Kuku, akasema Moshi.

— Wazima?

— Wazima.

— Basi! Kuku mzima ana hewa tumboni. Hewa ikipashwa inapanuka. Mabwana, kabati halikulipuka. Kuku ndiye aliyelipuka.

— Kuku nimewakuta wazima kabisa, Mzee! Wamelala uani, hata ngozi haijachanika!

— Kwa nje, akasema Maabara.

Nilitamani nimmiminie mmoja wao birika zima mapajani, yeyote yule, nisingechagua.

— Simu! Redio akaruka. Tumesahau simu! Gesi ikikutana na mawimbi ya simu inawaka. Shemeji alikuwa anaongea na simu pale pale mbele ya kabati, si tulimsikia?

— Alikuwa anaongea na nani? akauliza Cheche.

Jibu lilikuwa limekaa upande wa mguu wa waya, limeshika kichwa.

Jana wakati huo Moshi alikuwa amekaa hapo hapo, kikombe cha pili mkononi. Kabati lake, kuku wake, lakini aliyeachiwa kulinda moto ni mke, ambaye alikuwa na nguo za watu mezani. Akapiga simu. Moshi akaiweka sauti ya juu ili sote tufaidi. Mama akasema, "Baba, naona moshi umepungua, na kabati limepoa. Nadhani moto umezimika. Nifungue mlango niangalie?" Na wote wanne, kwa sauti moja, wakafoka: "Usifungue!"

Hiyo ndiyo amri kuu ya benchi hili. Anayefungua mlango amefukuza moshi, ameharibu nyama, hana akili. Cheche aliiandika kabisa mlangoni kwa rangi nyekundu. Ndiyo hiyo ilikuwa inatutazama juu ya benchi langu, herufi kubwa: USIFUNGUE.

Kisha Moshi akamwambia mkewe apitishe njiti kwenye kijitundu cha kuwashia kichomeo, kile chenye kifuniko, awashe tu. Mlio tuliusikia mara mbili, kwenye simu na juu ya mapaa.

— Nani alianza kusema usifungue? Moshi akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

— Wewe, akasema Cheche.

— Mimi nilimfuata Maabara!

— Mimi nilitaja kanuni, akasema Maabara. Sikutoa amri.

— Kanuni gani, mzee mzima hovyo!

Moshi akamkwida shati, Cheche akaingia kati, kikombe kimoja kikavunjika, cha kwangu tena. Nikapiga birika kwa kijiko mpaka wakaachiana. Wakakaa wanahema. Nikasema moyoni, afadhali, sasa mtu atainuka aende kwa yule dada kumwona mgonjwa.

— Lakini huu mlango unanyooka, akasema Cheche.

Moshi akageuza shingo.

— Unanyooka?

— Kabisa. Natia bawaba tatu badala ya mbili. Na pale kwenye kichomeo, tukipata ile vali inayojifunga moto ukizimika...

— Na kipimajoto cha pili, akasema Maabara. Kile cha mlangoni kilikuwa kinadanganya.

— Sahani ya vipande iwe nzito zaidi, Redio akadakia, vifuke polepole.

Na Moshi, mwenye mke aliyeungua, akapiga goti mbele ya mlango, akaanza kupima upindo kwa shubiri.

Hapo akafika mwanamke ambaye simjui, ana kitambaa cha bluu kimekunjwa kwapani.

— Samahanini, kaka zangu. Natafuta kwa fundi cherehani. Nimekuta pamefungwa.

— Ameungua mkono, dada yangu, akasema Redio. Jana. Mlipuko.

— Maskini! Mkono gani?

Redio akamtazama Cheche. Cheche akamtazama Maabara. Maabara akaanza kuvua miwani. Kisha wote wakamtazama Moshi, pale chini.

— Ule, Moshi akasema, akainua wa kulia. Akaushusha. Akainua wa kushoto. Anajua mlango uliruka hadi ukuta wa jirani. Anajua bawaba ipi ilianza kukatika. Mkono wa mkewe, jirani ndiye aliyeufunga kwa taulo la maji, jirani ndiye aliyetafuta gari, na Moshi alibaki kufunga mtungi. Sikatai, mtungi lazima ufungwe. Lakini unafungwa mara moja tu, na tangu jana alikuwa hajakwenda kumwona.

— Maana kama ni wa mkasi..., mwanamke akaanza. Akamwona vizuri aliyepiga goti, akamuuliza: Wewe ni nani wake?

Moshi akainua na wa kulia tena. Mikono yote miwili ikabaki hewani.

Redio, bila kugeuka, akanisogezea kikombe nimjazie. Birika lilikuwa limejaa hadi shingoni. Nikalibeba mpaka mtaroni, nikalimwaga lote mbele ya macho yao, polepole, hadi tone la mwisho.

— Kahawa imeisha, nikasema.