Nyumba ya Mukeke na Ndagala

Kaeni chini wote, hata weye Toussaint uliyezoea kusimama ili watu wakuone vizuri. Leo anayetazamwa ni minye, na kiingilio hakuna. Nicole, niinulie mto. Rémy, toa mguu wako hapo mlangoni, mtu asije kusema kwamba nilifungiwa ndani nikalazimishwa maneno. Na weye Eliane uliyekaa kizingitini kama mgeni aliyekosea nyumba, sogea hapa karibu na miguu yangu, wala usimtazame huyo Toussaint anayekohoa. Kikohozi hicho nakijua, minye ndiye niliyekizaa. Anataka kusema, "Mama, huyu si muntu wa familia tena, tribinali ilishatuachanisha." Iliwaachanisha ninyi wawili, mwanangu. Minye na huyu hakuna aliyetuachanisha.

Papa Marcellin, shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, asante kwa kuja na kalamu yako. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kifua. Nikamwomba akaseme hivyo sokoni, mbele ya wale walioniita mchoyo miaka thelathini. Basi nisikilizeni vizuri, maana pumzi yangu sasa ni kama mafuta ya koroboi, inawaka kwa kukopa.

Nianze na vidogo. Meza yangu ya samaki sokoni aichukue Nicole, pamoja na kisu na wateja wake wanaoapa kwa Bikira Maria kwamba watalipa Jumamosi. Nyavu mbili na baiskeli ni za Rémy. Kitenge changu chenye maua mekundu nizikwe nacho. Nicole, najua unakitaka, ndiyo maana nimekitaja mbele ya shefu. Deni ninalo moja tu, na si la pesa. Nitalifikia, msinikimbize.

Sasa nyumba. Ehe, naona hata nzi ametua asikilize.

Nyumba hii mliyomo, ya etaji, ghorofa kabisa, yenye balkoni inayotazama ziwa, karatasi zake zimeandikwa jina langu, Léocadie, muuza samaki. Na ninyi nyote mnajua, kuku wa jirani wanajua, kwamba muuza samaki hajengi etaji. Samaki wangekuwa wanajenga etaji, mtaa wetu huu wa Kimanga wote ungekuwa unagusa mawingu.

Mwaka ule ziwa lilipopanda likameza nyumba yetu ya zamani kule chini, na kitanda nilichowazalia nikakiona kinaelea kwenda Burundi bila hata pasi ya kusafiria, tulilala katika ua wa parokia pamoja na watu wengi, nao walilia mpaka machozi yakawaishia. Ndipo Toussaint, aliyekuwa amemwoa Eliane miezi mitatu tu kabla, akapanda juu ya ndoo, akavaa sufuria kichwani kama kofia ya gavana, akajiita Bwana Mukeke, samaki mukubwa, akatangaza, "Ziwa lote iko ya minye!" Eliane akatoka nyuma ya turubai, mdogo hivi, akajiita Bibi Ndagala, dagaa asiyejaza hata kiganja. Akamzunguka mara tatu bila neno. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Bwana mukubwa, kama ziwa lote iko ya weye, mbona weye iko mu sufuria?"

Watu waliokuwa hawajala tangu juzi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Minye niliyecheza michezo ya Noeli pale parokiani miaka ishirini, tena nikianzia kwa punda kabla sijapandishwa cheo, nilijua pale pale kwamba kitu kimezaliwa. Kutoka ua ule wakaenda kwenye harusi, kutoka harusini wakaingia ndani ya simu za watu. Bujumbura wanawaita, Kamanyola wanawaita, na kule juu Bijombo wachungaji wanaacha ng'ombe wakipanda kilima kutafuta mtandao, ili tu wamwone Ndagala akimnyoa Mukeke ndevu.

Kicheko cha watu wawili ndicho kilichojenga nyumba hii. Nilimwona Eliane na mimba ya mjukuu wangu Délice, miezi sita, asubuhi akibeba mchanga wa mto Mulongwe kichwani, jioni akipakwa unga usoni jukwaani. Na siku ya kuhamia nilimshika mkono nikamwingiza jikoni, nikampa mwiko mbele ya mashangazi, nikasema, "Moto huu ni wako, atakayekutoa hapa anitoe minye kwanza." Ni mkono huu wa kuume. Uangalieni vizuri, nitautaja tena.

Kisha umaarufu ukaingia ndani kama maji ya mafuriko, kimyakimya, umekaa zako unashangaa mbona ndara zinaelea. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Toussaint, ulianza kusema mchezo wangu, mashabiki wangu, nyumba yangu, ukawa Mukeke hata bila sufuria. Na weye Eliane, ulipochoka kunung'unika chumbani, ukahamishia ugomvi kwangu. Ulivaa kitenge kama changu, ukajaza matambara huku nyuma, ukaingia ndani ya simu za watu ukitembea mwendo wangu, huu wa kuyumba kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja, ukiwasalimia watu huku jicho likikagua vikapu vyao. Uvira nzima ilicheka. Sokoni wakawa wananiambia, "Mama, tembea kidogo tuone." Nilikuchukia miaka miwili, binti. Tena si kwa sababu ulinicheka. Ni kwa sababu hukukosea hata hatua moja.

Basi Toussaint aliponijia na karatasi za kuiandika nyumba jina langu, kabla hajaenda tribinali kudai talaka, akaniambia, "Mama, weka dole hapa, ni kwa usalama tu," sikuuliza usalama wa nani. Niliweka. Na juji aliponiita nilisimama, nikainua mkono huu, huu huu uliotoa mwiko, nikaapa mbele ya Mungu kwamba nyumba ni yangu, nimeijenga kwa samaki wa kukausha. Nililia. Nilionyesha viganja vyangu vilivyoungua moshi. Nilimtaja hata marehemu baba yenu, mtu mwema ambaye hakuwahi kununua msumari. Nimecheza sana maishani, wanangu, lakini sijawahi kucheza hivyo. Juji aliandika alichosikia, angefanya nini? Eliane akatoka na godoro, sufuria nne na cherehani. Pale mlangoni alinizunguka kwa macho mara tatu, kama anavyomzunguka Mukeke, nikangoja aniulize swali langu. Hakuniuliza. Akaenda zake.

Hilo ndilo deni.

Na mwiba wa kujichoma hauna pole. Nilipoanguka mwezi huu, Nicole alikuja na maji ya matunda, Rémy akaja na kamba ya kupimia. Niliwasikia huko juu, kum, kum, kum, mnagawana vyumba. "Balkoni iko yangu." "Sawa, weye chukua choo cha ndani." Siwacheki. Karatasi inasema nyumba ni ya mama, na mali ya mama ni ya watoto wake wote watatu, sawasawa. Toussaint alipopata habari alivuka mpaka mbio kutoka Bujumbura na karatasi nyingine ya avoka, wakili wake, kwamba minye, nikiwa na akili zangu timamu, ninampa yeye peke yake nyumba "yangu", zawadi ya mama kwa mwana, ambayo mke aliyeachwa hana fungu ndani yake. Mwanangu, ulikimbia mvua ukajificha ziwani. Sasa umelowa, unataka minye nikupe taulo.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Nikifa kimya, nyumba inakatwa mapande matatu, na Toussaint anabaki na vyumba viwili na nusu ya ngazi. Nikitia dole kwenye karatasi ya avoka, yote ni ya Toussaint. Lakini iko nyingine, aliyoiandika Papa Marcellin jana mchana katika daftari langu la samaki, kutoka kinywani mwangu, inayosema kwamba niliapa uongo, kwamba nyumba hii waliijenga Toussaint na Eliane wakiwa mume na mke, na kwamba ni nusu kwa nusu. Anayetaka kubaki ndani amlipe mwenzake thamani ya nusu yake, na wakishindwana iuzwe.

Usisonye, Nicole. Ulimi huo nimeulisha minye. Najua unapanga chumba kimoja na watoto wanne, na Rémy naye paa lake linavuja mpaka juu ya kitanda; lakini kamba yenu mliipimia juu ya uongo wangu, na mtoto wangu sitamrithisha mwiba nikamwambia ni kijiti cha kuchokolea meno. Mkikasirika, nikasirikieni minye. Eliane hajawanyima kitu.

Unasemaje, Toussaint? Sema kwa sauti, usimnong'oneze ukuta. "Mama, watu iko wanakuja kuniona minye. Yeye alikuwa anapakwa unga tu." Ndiyo, nilijua utafika hapo. Na Kamanyola je, umesahau? Eliane alikuwa hoi na malaria, ukasema hakuna shida, ukapanda jukwaani peke yako, sufuria kichwani, shati jipya, ukatangaza, "Ziwa lote iko ya minye!" Na hapakuwa na mtu wa kukuuliza. Watu wakakubali! Wakakutazama. Ukarudia. Mzee mmoja mbele pale akauliza, "Na Ndagala iko wapi?" Ulirudi hapa ukaweka kichwa mapajani mwangu, mtu mzima na ndevu, ukaniambia, "Mama, leo nimekufa." Sasa niambie weye msanii, jengo hili lina tofali gani la Mukeke peke yake? Kidole kimoja hakivunji chawa. Nusu ninayoisema si ya huruma, wala si ya machozi ya mwanamke. Ni ya kazi.

Na weye Eliane, usianze kutabasamu. Toussaint alipokuwa safarini uliuza spika na maikrofoni, ukasema zimeliwa na panya. Panya gani huyo, binti, wa kubeba spika mbili mpaka sokoni? Imeandikwa, na bei yake itakatwa katika nusu yako. Haki haina mkwe.

Maji kidogo. Asante... Basi, yatosha.

Papa Marcellin, weka karatasi zote mbili hapa kwenye kiti, usiniambie ipi ni ipi. Mtu wa mbali namwona, lakini vya karibu tangu Jumatano ni ukungu mtupu. Toussaint, njoo. Piga magoti hapa. Paka wino dole gumba langu, kisha uushike mkono wangu uupeleke weye mwenyewe.

Mnashangaa? Nikijipeleka peke yangu, siku ya tatu baada ya mazishi avoka wako atasema mama aliweweseka, homa ilimpanda kichwani, na Eliane atarudi kwenye godoro lake. Lakini mkono huu ukipelekwa na mkono wako, mbele ya shefu, mbele ya ndugu zako, utamshitaki nani? Na ukinipeleka kwenye karatasi yako ya zawadi, nitabonyeza. Sitavuta mkono. Hawa wote wamesikia kinywa changu, lakini dole nitakuachia. Uongo wa kwanza tuliusema wawili. Wa pili utakuwa wako, uulalie peke yako, na minye sitakuwepo kukupa mapaja.

Haya. Nichukue.

Wino ni baridi. Mkono wako unatoka jasho, kama siku ile juu ya ndoo... Papa Marcellin, usikohoe.

Hapa. Hii ni ngumu. Ngumu, inateleza kama sahani, na pembeni mhuri umevimba. Ni ile ya avoka.

Nangoja, mwanangu.

Hakuna anayecheka, unasikia? Ni kama Kamanyola, ulipokuwa peke yako...

Nangoja.

Umeniinua mkono. Taratibu, bega linauma... Hii je? Hii ni laini. Ukingo wake una meno, imechanwa kwenye daftari. Daftari langu la samaki, bado linanuka... Ndiyo. Ndiyo, Toussaint. Usiondoe mkono. Weka dole lako juu ya langu, tubonyeze pamoja. Hivyo.

Papa Marcellin, andika saa.

Eliane, lete kichwa chako. Sina mwiko hapa. Nakuachia mwendo wangu... ni wako, kwa sheria sasa. Siku ya kunizika utatangulia jeneza ukitembea hivyo hivyo, matambara na yote, na watu wakicheka asiwanyamazishe mtu. Padri akinuna, mwambieni ni wosia. Toussaint atafuata nyuma yako, si mbele. Délice asiulizwe na yeyote yuko upande wa nani... huyo hagawanywi.

Sogeeni wote, nimefika. Nicole. Rémy, na weye. Nawawekea mkono, una wino, utawachafua vipaji vya nyuso, acheni ukauke wenyewe. Mungu awape usingizi usiohitaji kufuli. Ziwa liwape, lisiwadai. Mkikosa mboga, msikose wa kuwacheka... wa kuwauliza mbona mko mu sufuria.

Fungueni dirisha. Liko wazi? Basi ni pumzi yangu...

Toussaint. Usiachie mkono. Nisikie kutoka kwako, mara moja tu. Nyumba hii... ni ya nani?

Sauti, mwanangu. Sauti... Wa nyuma hawajasikia.