Mkono wa Kulia wa Eufrasia Milembe Masunga (1951–2004)

Mwaka 1993 wananchi wa Bariadi walitangaziwa rasmi kwamba, chini ya utaratibu mpya wa soko huria na uchangiaji wa huduma, bidhaa zitapatikana kwa wingi na matibabu yatasogezwa karibu na mwananchi.

Marehemu Eufrasia Milembe Masunga alizaliwa Mkula tarehe 14 Agosti 1951. Alisoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la saba, akasifiwa kwa hesabu na kukanywa kwa kubishana na mwalimu.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Bundala Jilala, wakaishi Somanda. Eufrasia alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Wakulima walimwogopa, kwa kuwa aliichambua pamba kwa vidole na mawe yaliyofichwa humo aliyatoa moja moja, akimrudishia mama mwenye mzigo mkononi, kwa heshima ya Kisukuma: “Chukua, mayu. Haya hatununui.”

Mafuta ya taa yalipatikana kwa wingi kweli. Yaliyofika Somanda Juni 1994 yalikuwa yamechanganywa na petroli. Eufrasia alikuwa akiwasha chemli jikoni. Mkono wa kulia uliungua kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Ngozi ilipona. Mishipa ya fahamu haikupona. Kiganja kilikufa ganzi, halafu usiku kikawaka kana kwamba taa haijazimwa. Hospitalini alikutana na Bi Mwanamisi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Tanga, aliyemwagiza hivi: anyooshe vidole asubuhi na jioni, asuguliwe kiganja kwa pamba, kisha gunia, kisha pumba za mpunga, afungiwe kibao usiku vidole visijikunje. Zaidi ya yote, autumie. Mkono usiotumika ungekunjamana, na asingeshika kitu tena maisha yake yote.

Hapo ndipo ndugu walipoanza kumpenda. Kula kwa mkono wa kushoto ni aibu. Wa kulia haushiki. Suluhisho likapatikana: mikono ya watu wengine wote. Walimlisha, walimwogesha, walimfunga kilemba. Kibao walikifungua kila alipokuja mgeni, maana mtu haamkiwi akiwa amefungwa ubao. Eufrasia alisema hapana. Aliambiwa mgonjwa hana kauli.

“Jana nani alimlisha?” aliuliza Bi Mwanamisi walipomrudisha hospitalini.

“Sisi,” alijibu mama mkwe, Bibi Benedikta.

“Na juzi?”

“Sisi. Ni mgonjwa, mwanangu.”

“Basi mnauguza tumbo. Mkono mmeutelekeza.”

“Unataka mkwe wangu amwage mchuzi mbele za watu?”

“Ndicho ninachokitaka, bibi. Amwage kila siku.”

Bibi Benedikta alirudi nyumbani akieleza kwamba watu wa Tanga hawana huruma.

Pasaka ya 1995 walikuja shangazi za mchumba wa binti yake, Justina. Bibi Benedikta alikwisha kumpanga mtu wa kumlisha. Eufrasia alimsogeza kando, akaingiza mkono wake wa kulia kwenye ugali, akamega. Tonge lilidondoka kwenye bakuli la mchuzi na mchuzi ukamrukia shangazi mkubwa kifuani. Bibi Benedikta alifumba macho.

“Mniwie radhi,” alisema Eufrasia, akimega jingine.

“Endelea, mayu,” alisema shangazi mkubwa. “Kitenge kitafuliwa.”

Tonge la pili nalo lilianguka. La tatu lilifika. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumlisha, na kwa miaka miwili hakuna aliyeketi karibu naye akiwa amevaa nguo nyeupe. Vidole viwili vya mwisho havikunyooka kamwe. Vilivyobaki vilichambua pamba, vilisuka nywele za mjukuu wake Precious na kumnyooshea Bundala kila ilipobidi.

Alianza kuugua figo mwaka 2002. Asubuhi ya tarehe 9 Machi 2004 Justina alimwinamia na kijiko cha uji. Alikichukua, akanywa mwenyewe, akalalamika kuwa hauna sukari. Alifariki saa tisa alasiri.

Ameacha mume, watoto wawili, Justina na Yakobo, wajukuu watano, na Bibi Benedikta, ambaye hadi leo anashikilia kwamba mkono ulipona kwa kupumzishwa.

Mungu amlaze mahali pema, na huko wamwache ale mwenyewe.

Bi Mwanamisi ametuma rambirambi kutoka Tanga, alikohamishiwa mwaka 1996. Wanaohitaji mazoezi kama yale, kwa sasa, huelekezwa Mwanza.