Mahali pa Verlon Hargis Ziwani

Mchungaji, ndugu na majirani, mimi Rowena, binti wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea habari za baba yetu, nami nitamweleza alivyokuwa.

Verlon Hargis alizaliwa tarehe 11 Novemba 1935 huko Cane Bend, Tennessee, kitongoji ambacho leo kiko chini ya ziwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Amos na Lettie, akafuatiwa na dada yake Opal, aliyefariki kwa dondakoo mwaka 1942 akiwa na miaka mitatu. Baba alisoma shule ya hapo hadi bwawa lilipojengwa mwaka 1944, watu wakahamishwa, makaburi yakafukuliwa na kupelekwa mlimani, lakini bibi yetu hakustahimili kuona mtoto wake akichimbuliwa, akang'oa jiwe la kaburi kabla vibarua hawajafika, wasijue lilipo, akanyamaza, na maji yakaja. Alijuta mpaka anafariki mwaka 1961, na neno lake la mwisho kwa baba lilikuwa asimwache Opal peke yake. Hayo sisi tumeyajua wiki iliyopita tu.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao hadi alipostaafu mwaka 1997, alifunga ndoa na mama yetu Nadine tarehe 6 Juni 1959, wakajaliwa watoto wawili, Dale na mimi.

Tulichokijua ni kwamba kila Februari alizamisha miti ya mierezi mahali pamoja ziwani, kama wavuvi wa huku wafanyavyo ili samaki wajikusanye hapo, na kila Aprili, miti ya dogwudi ikichanua na samaki aina ya krapi wakija kutaga katika maji ya kina kifupi, alikaa hapo kutwa katika mashua, fimbo ya kuvulia mkononi. Nanyi mnaonisikiliza, msijifanye hamjui, wengi wenu mlimvizia kwa mashua, mkamwita mchoyo, ingawa kwa adabu ya huku hakuna aliyesogelea mashua ya mwenzake. Mama alikereka, maana krapi wa kukaanga aliwaleta kutoka kwingine kabisa, na kamba ya fimbo aliyokaa nayo pale, tumeikagua juzi, haina ndoana.

Baba aliugua moyo tangu Januari mwaka huu, 2019. Tarehe 11 Aprili rafiki yake Hoyt Pruitt alimletea sahani ya krapi moto na mikate ya mahindi, akamtania, "Kula, mzee, miaka yote umetunyima, leo tumekuibia kwenye mierezi yako." Baba aliisukuma sahani, akasema polepole, "Hoyt, hapo ndipo alipolala mdogo wangu. Nani yuko naye sasa?" Akatusimulia yote, kisha akawa anauliza hilo tu, kila alipozinduka, na mimi swali hilo linanifuata mpaka jikoni. Alifariki nyumbani tarehe 14 Aprili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, wenzake wa kiwandani, na majirani walioleta chakula. Ninyi mliovua pale hamkujua, hakuna anayewalaumu.

Wapo wanaonong'ona kwamba Hoyt, baada ya urafiki wote ule, hakuja kuzika. Nimempita asubuhi nikija hapa, yuko ziwani katika mashua, juu ya mierezi ile, peke yake, amevaa suti yake ya kanisani, ameshika fimbo ya baba.

Baba, swali lako limejibiwa. Pumzika sasa.