Hodi ya Panya

Kwenye basi la kwenda Ngagara, mama mmoja mbele yangu aliona kijana aliyekaa kando yake amebeba nyaya za kompyuta, akajua ni fundi, akamweleza shida yake. Mwanawe alikimbia vita akamwachia kompyuta, na kila asubuhi akiiwasha, programu ya souris, yaani kipanya cha kompyuta, inamwomba ruhusa ya kufunguka.

"Ni kidogo, mama," akasema fundi. "Ntaizuia isiwake pamoja na mashine. Haitauliza tena."

Nilidhani atafurahi.

"Apana, mwanangu, acha. Kwangu hakuna tena mutu wa kupiga hodi. Iyo inapiga, mi nafinya oui, ile ndiyo ya Kifaransa, nasema karibu."

"Mama, souris ni panya, si mugeni. Ntakuja kuitengeneza, ntapiga hodi mi mwenyewe."

"Siku iyo, ndiyo. Na kesho yake?"

Basi likasimama. Fundi alimshika mkono, akamshusha taratibu.