Picha ya Thelathini na Sita

Benchi la kijiwe hiki cha kahawa lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Asubuhi hiyo Kinyozi alikalia upande huo, maana hakuwa na mpango wa kucheka. Alikuwa amepakata kamera ya mkanda ya marehemu baba yake, mzee aliyeupiga picha mtaa mzima kwa miaka arobaini, akazikwa mwezi uliopita. Nyumbani aliacha maboksi matatu ya picha: maharusi, watoto, hata mbuzi wa jirani. Yake mwenyewe hakuna hata moja. Na Kinyozi alishaanza kuisahau sura ya baba ya kabla ya ugonjwa, jambo lililomtisha kuliko msiba wenyewe.

— Kidirisha cha juu kinasema thelathini na tano kati ya thelathini na sita, akasema. Mkanda bado umo. Labda na baba yumo.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Fundi Redio akichomoa bisibisi. Kwa hiyo tuifungue sasa hivi.

— Weee! Mkanda ukiona mwanga umeungua wote! Kinyozi akaikumbatia kamera.

— Basi tuifungulie ndani ya gunia.

Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kukiri kuwa hajui kitu, akaweka kikombe chini.

— Acheni ushamba. Mnaona namba hizi kwenye pete ya lenzi? Mbili, nne, nane, kumi na sita. Huo ni umri. Mtoto wa miaka minane, unaweka nane.

— Na mimi wa sitini na moja? akauliza Fundi Redio.

— Wewe unapigwa kwa awamu.

— Haya, na hiki kijiti hapa mbele?

— Breki.

— Kamera ina magurudumu?

— Breki ya mwanga, bwana! Mwanga unakimbia. Usipoufungia breki unatokea nyuma, unamgonga mpiga picha jichoni. Unadhani kwa nini mzee alikuwa anafumba jicho moja?

Kinyozi nusura acheke. Tofali likatikisika.

Mama mmoja mgeni, aliyekuja kujaziwa chupa ya kahawa, alikuwa akiwasikiliza muda wote.

— Samahani, wanangu. Hicho kijiti ni cha mpiga picha mwenyewe. Unakivuta chini, unabonya, kinalia zzz, unakimbia kusimama na wenzako, halafu kamera inajipiga. Akamgeukia Kinyozi. Baba alikuwa anakitumia?

Fundi Redio akaitazama bisibisi yake. Wote walishapigwa picha na mzee yule, na hakuna aliyekumbuka mzee alisimama wapi. Siku ya picha yake, kila mtu alijiwazia mwenyewe.

— Imebaki moja, Kinyozi akasema hatimaye. Tuimalize, mkanda ukasafishwe, tujue.

Akaitua kamera juu ya kigoda cha muuza kahawa, akakivuta kijiti, akabonya. Zzzz. Akakimbilia benchini, akimvuta yule mama mkono. Fundi Redio akaficha bisibisi mgongoni. Profesa akavua kofia, akanyamaza bila kuombwa.

Kinyozi akaketi, akaitazama lenzi. Kisha akasogea kidogo pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kamera ikajipiga.