Winifred Mary Fawcett, Aliyesimama Langoni (1941–2025)

Marehemu Winifred Mary Fawcett hakuwahi kuingia kanisani moja kwa moja. Kila alipofika kwenye lile lango lenye paa alisimama, akaweka kiganja juu ya jiwe refu la katikati, ndipo akapita. Mvua ilimkuta hapo, theluji ilimkuta hapo. Siku ya harusi yake alikawia hapo mpaka baba yake akamnong'oneza kwamba bwana harusi atadhani amebadili nia. Mazoea hayo aliyapata utotoni, bibi yake alipomweleza kwamba ndani ya jina la lango lile limo neno la kale la Kiingereza lenye maana ya maiti, na kwamba jiwe liliwekwa ili jeneza lilazwe hapo, marehemu amngoje kasisi aje kumpokea. "Kama wao wanangoja," alizoea kusema, "mimi mwenye miguu nina haraka ya nini?"

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1941 katika shamba la Thornrigg, akiwa mtoto wa kwanza wa William na Agnes Thexton. Mdogo wake wa pekee, Isaac, alizaliwa mwaka 1944. Walichunga kondoo wale wale, na mmoja alipokosa walipigwa wote wawili.

Alisoma shule ya kijijini, kisha shule ya wasichana mjini Kendal, akirudi nyumbani Ijumaa na nguo chafu. Mwaka 1960 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Lancaster, na huko ndiko alikopenda maneno ya zamani ya kanisa. Aliona yanazeeka kama watu. Mengine huheshimiwa, mengine huanguka. Krismasi ya mwaka wa kwanza alirudi na habari kwamba neno la leo la mtu mpumbavu hapo kale lilikuwa la mtu mwenye heri, na lile la mmbea lilikuwa la mzazi wa ubatizo. Isaac, aliyekuwa akikata nyama mezani, akasema basi Shangazi Dorcas ndiye aliyebatizisha bonde zima. Baba yao alicheka hata akatoka nje.

Alifundisha Kiingereza mjini Kendal kuanzia mwaka 1963 hadi alipostaafu mwaka 1997. Katika kitabu cha zamani cha sala mna ombi ambalo kwa masikio ya leo linamsihi Mungu atuzuie katika kazi zetu zote. Mwanafunzi mmoja alimuuliza kuna faida gani kuomba hivyo. Alimjibu kwamba zamani neno lile lilimaanisha atutangulie, akaongeza, "Lakini ukifikia umri wangu utaona mara nyingi ni kazi ileile."

Tarehe 17 Aprili 1971 aliolewa na Gilbert Fawcett, mpeleka barua na mpiga kengele wa kanisa hili. Walikaa High End, nyumba ya mwisho juu ya bonde, na mwaka 1979 wakajaliwa binti, Hester. Gilbert alifariki mwaka 2009.

Liko jambo ambalo familia ilitaka kuliruka, lakini bonde zima linalijua, na marehemu hakupenda maneno yaliyofunikwa. Toka High End kushuka mpaka lango la kanisa ipo njia ya kale ya kupitishia maiti, nayo hukata katikati ya konde la nyasi la Isaac. Mama yao, Agnes, aliomba apitishwe hapo kama walivyopitishwa wazazi wake. Alipofariki, Februari 1987, geti la konde lilikuwa na kufuli. Wapita njia walikuwa wameanza kukanyaga nyasi na mbwa wao kutisha kondoo, na Isaac aliamini walivyoamini wazee wetu, kwamba palipopita maiti panakuwa njia ya kila mtu milele.

Wabebaji walisimama uani, kofia mkononi. Isaac aliegemea geti. Alisema akimpitisha mama leo, kesho dunia nzima itapita. Winifred alimwambia mbele ya watu kwamba hakuna sheria ya namna hiyo, ni masimulizi tu, na kwamba jina la njia humtaja aliyebebwa, halimpi mtu haki yoyote.

"Wewe mwenye maneno," Isaac alisema, "kalime kwa maneno."

"Sawa. Basi siku yangu ikifika, Isaac, usije langoni."

Agnes alizungushwa kwa barabara ya lami. Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili walisali katika kanisa moja, mmoja upande wa kaskazini, mwingine upande wa kusini, na wakati wa kupeana amani kila mmoja alikuwa na jirani mwingine wa kumshika mkono.

Januari mwaka huu moyo wa marehemu ulianza kushindwa kazi. Alilazwa mara kadhaa, na mwezi Mei aliletwa nyumbani. Alisema wazi kwamba angependa kushuka kwa njia ya bibi yake. Fred Moffat, mkuu wa wapiga kengele, alimwahidi kitandani kwamba mkasi wake wa kukatia chuma ungemaliza kazi kabla Isaac hajavaa viatu. Marehemu alitabasamu. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, Hester akiwa amemshika mkono.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mwenye gari la maiti alikuwa akiuliza atapita wapi, na Hester, aliyebanwa kati ya alichotamani mama yake na alichoagiza mwishoni, alimwomba angoje. Fred alisema anangoja neno lake tu. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, wiki chache kabla ya kuvunwa, na kufuli lilionekana kutoka dirishani kwa marehemu.

Jumatatu jioni Isaac alipanda High End. Alikuwa hajaingia nyumba ile tangu mama yao azikwe. Hakuketi. Alisimama karibu na jiko, akiigeuza kofia mikononi, na Hester hakujua kama amekuja kupatana au kuonya.

"Mama yako alinikataza langoni," alisema hatimaye. "Nimekuja kuuliza kama katazo bado lipo."

"Kabla hajalala mara ya mwisho, mjomba, alikutaja."

"Alinitaja kwa ubaya?"

Hester alimweleza neno kwa neno. Isaac alisikiliza akitazama sakafu. Alivaa kofia, akasema chai asiwekewe, akaenda zake. Hakuahidi lolote.

Jana, Alhamisi, kulipopambazuka, Hester alifungua dirisha. Geti lilikuwa wazi. Katikati ya nyasi zile ambazo hazijakomaa ulikuwa umefyekwa ukanda mmoja, kutoka getini hadi ukuta wa kanisa, upana wa wabebaji wawili na jeneza kati yao. Isaac alikuwa mwisho wake, akikusanya kwa reki nyasi alizokata kabla ya wakati wake.

Marehemu ameacha binti yake Hester, mjukuu wake Edith, mdogo wake Isaac, na wanafunzi wengi ambao hata leo hawawezi kusoma sala bila kusimama kwenye neno. Mola ampokee kwa upole na kumpa pumziko lake.

Maneno yake ya mwisho kwa Hester, yale aliyoelezwa Isaac, yalikuwa haya: "Mwambie Fred asikate kufuli. Nizungusheni kwa barabara, mnilaze pale kwenye jiwe, na kasisi asianze. Nitamngoja Isaac."