Leseni ya Charo Yapimwa kwa Kikombe

Baada ya alasiri, mtu akikutafuta mjini Malindi asikupate nyumbani, huja kukuulizia kwenye benchi la Sajid muuza kahawa, mkabala na duka la kinyozi. Siku hizo benchi lilikuwa na kesi moja tu. Charo, mwendesha tuktuk, waliyemwita Handibreki kwa ajili ya upole wake barabarani, alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Tuktuk iliacha njia, ikaingia kwa kinyozi, ikasimama mbele ya kioo kama mteja. Bahati nzuri hakuumia mtu. Daktari alimkataza kuendesha mpaka arudi kupimwa na leseni yake iangaliwe upya, naye Charo akawa anapiga chenga kurudi. Alikuwa anaogopa. Bila ya usukani hakujua angekuwa nani mjini. Tuktuk aliiosha kila siku, akaiegesha kando ya benchi, na mkono wake wa kushoto uliokuwa ukifa ganzi aliuficha mfukoni.

— Yule daktari amekosea, alisema Dzombo. Huyu ndiye aliyeitwa Daktari pale kijiweni, maana alilinda lango la hospitali miaka mingi na alidai elimu yote ilimpitia pale mlangoni. — Kiharusi hakikukupata wewe, Handibreki. Ati nani aliyeingia kwa kinyozi?

— Tuktuk.

— Umeona! Basi ndiyo ya kupimwa.

Mzee Mansukh aliweka kikombe chini. Alikuwa ameuza vipuri vya magari mpaka macho yakamchoka, na jina lake pale lilikuwa hilo hilo, Vipuri.

— Sikizeni, jamani. Tuktuk naijua mimi, haina kosa. Leseni yako, bwana, waiweka wapi?

— Mfuko wa shati.

— Juu ya moyo! Na leseni za siku hizi zina kile kidude cha dhahabu, chajua mambo yote. Moyo ulikwenda mrama, kidude kikashtuka, kikakupiga shoti. Ihamishe mfuko wa nyuma wa suruali, maradhi kwisha.

— Huko nyuma itapata bawasiri, Dzombo alionya.

Charo aliihamisha vivyo hivyo. Alijua ni upuzi mtupu, lakini upuzi ule ulimpoza moyo kuliko dawa zote alizopewa, na aliona haya kwa jinsi alivyoupenda.

— Mwabishana bure, alisema Sajid akigonganisha vikombe. — Mwenye maradhi ni ile kona ya kwa kinyozi. Wallahi imepooza, yaenda upande mmoja tu! Lakini kama mwataka kumpima mtu, mie nampima papa hapa. Aendeshe benchi hili mpaka Mambrui, kikombe mkononi. Asipomwaga, mzima.

Hakuna aliyeuliza benchi litafikaje Mambrui. Charo alikalishwa mbele, miguu huku na huku. Vipuri alijipanga nyuma yake kama abiria. Dzombo akajitolea kuwa injini, akaanza kunguruma.

— Mkono upi? Charo aliuliza.

— Wa klachi, alisema Sajid. — Wa kushoto.

Sajid alimimina hadi ukingoni. Charo aliutoa mkono mfukoni, akakishika kikombe, akakaza macho barabarani, na kwa muda mfupi benchi likaenda vizuri kabisa.

— Shimo! alipiga kelele Dzombo. — Mbuzi! Askari!

Kahawa yote ikammwagikia gotini.

— Ni askari, alisema Vipuri upesi. — Hata mimi nikiona askari namwaga.

Ili athibitishe, alishika kikombe chake, akamwaga. Dzombo naye akajaribu, akailowesha kanzu. Sajid, aliyeishi na kahawa mkononi tangu ujana wake, alimwaga viwili mfululizo kwa kicheko. Walipotaka kurudia, dele la kahawa likainamishwa likatoa mashapo tu.

— Kahawa imekwisha, kesi imekwisha, alitangaza Dzombo. — Sote tumemwaga, sote wazima. Handibreki, umepasi! Washa hata sasa!

Charo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitoa ufunguo, na mkononi ulikuwa mzito na mtamu.

Hapo akatokea Fridah wa Sabaki, kikapu mkono mmoja, mtoto amelala begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Tuktuk hii yaenda? Nataka kufika nyumbani.

— Yaenda! waliitikia wote.

— Na dereva wake hana mfano, aliongeza Dzombo. — Mzima kama chuma. Tumempima sasa hivi.

Fridah alilitazama benchi lililolowa, halafu akamgeukia Dzombo.

— Mzee Dzombo, si wewe jirani yetu kule? Basi wapanda nasi?

Dzombo alitazama viatu vyake.

— Mimi... leo napenda kutembea.

— Mpaka Sabaki?

— Nanyosha miguu.

Fridah akawageukia wengine. — Basi nani apanda nasi, angalau hadi darajani?

Vipuri alikuwa anakunywa kwenye kikombe kitupu. Sajid alisuuza vikombe alivyokwisha kuvisuuza. Charo aliwatazama mmoja mmoja, na ilimuuma, kwa sababu aliwapenda. Kisha akamtazama mtoto, mdomo wazi, usingizi mzito, hana habari ya leseni wala kona.

— Tafuta nyingine, mwanangu, alisema. — Mkono huu wanifa ganzi. Haujapona.

Mkono wa kushoto haukurudi mfukoni tena. Alimsimamishia Fridah tuktuk iliyokuwa ikipita, akamwinulia kikapu, kisha akauweka ufunguo kiganjani mwa Dzombo na kumfumbisha vidole.

— Kaa nao. Na kesho asubuhi wanipeleka hospitali.

— Kwa nini mimi? Twende na nini?

— Kwa miguu, alisema Charo. — Si wapenda kutembea?